Adabu na Adhabu

Kule Likoni kuna wadi inaitwa Shika Adabu. Wanaoishi huko wameshazoea, jina haliwaambii kitu tena. Lakini lisikilize vizuri: ni amri, na kila mtoto wa Pwani ameisikia. Sasa tazama lugha inavyotucheza. Adabu ni heshima, ni mwenendo mzuri. Adhabu ni maumivu anayopewa aliyekosa. Tofauti ni sauti moja tu, na sisi wengi tuliokuja Mombasa kutoka bara hatuipati hiyo sauti, tunayatamka yote mawili sawasawa. Ukimwambia mtu "nitamtia mtoto adabu," anajua unatafuta fimbo. Nimeanza kufikiri kwamba si ulimi peke yake ulioyachanganya hayo maneno.

Jumapili iliyopita neno lilitoka Zekaria 8, na baada ya ibada wazazi wengi walibaki wakizungumza juu ya aya ya tano. Nitafika huko. Kwanza tuangalie siku ya mtoto wa shule ya msingi huku kwetu Kisauni, Likoni na Changamwe.

Anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Anasinzia ndani ya matatu, anaingia darasani jua halijapanda. Akimnong'oneza mwenzake, monita anaandika jina lake kwenye orodha ya wapiga kelele. Akizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza anavishwa kibao shingoni mpaka amnase mwingine amhamishie. (Mtoto wa Mombasa, anaadhibiwa kwa Kiswahili! Haya.) Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba, lakini mwalimu wa hesabu hajamaliza silabasi, basi anakichukua. Jioni ni masomo ya ziada, usiku kazi ya nyumbani, Jumamosi tuisheni, na wengine wetu tumewatafutia ya Jumapili mchana. Si kila shule iko hivi, na wako walimu wanaocheza mpira na watoto mpaka viatu vikachanika. Lakini huyo mtoto mwingine, atacheza bano lini? Ataruka kamba saa ngapi?

Sheria ya nchi haiko upande wa fimbo, na si sheria ya jana. Viboko shuleni viliondolewa mwaka 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inasema wazi kwamba mtu asipewe adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumtesa mwanafunzi, mwilini au akilini, na ikakataza pia tuisheni ya likizo. Kanuni za mwaka 2015 zikapanga hata saa: masomo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, kisha mpaka saa kumi na dakika 45 ni michezo na shughuli nyingine nje ya darasa. Ni saa moja na robo kila siku. Hebu muulize mwanao leo jioni hiyo saa na robo inaendaga wapi.

Lakini mimi siandiki kama wakili. Jambo linalonisumbua ni kwamba mara nyingi wanaoomba fimbo ni sisi wazazi, tena tulio wokovuni. Tunaenda shuleni tunamwambia mwalimu, "Mchape tu, mimi nimekupa ruhusa." Na tukiulizwa, tunataja Mithali 13:24.

Sitaifuta hiyo aya, wala sitajifanya kwamba Mithali 23:13 haizungumzii kuchapa. Inazungumza. Ila soma 13:24 polepole uone inasema na nani: ni baba na mwanawe, mtu ambaye upendo wake umetajwa mle mle ndani ya aya. Upendo huo hauwezi kukabidhiwa shuleni pamoja na karo na karatasi ya msalani. Tena neno la Kiebrania linalotumika pale kwa fimbo ndilo lile la Zaburi 23, ile inayomfariji Daudi bondeni. Ndilo la Walawi 27:32 pia, ambapo mifugo inapita chini ya fimbo ikihesabiwa. Hiyo ni fimbo ya mchungaji anayejua ana kondoo wangapi na yupi hayupo. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake, wengine hajui hata majina yao, anawezaje kushika fimbo ya namna hiyo? Na kumbuka hatukumsaidia. Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure tulifurahi, tukawapeleka wote, madarasa yakajaa kupita kiasi. Mwalimu akiniambia, "Nikiweka kiboko chini watanipanda kichwani," simcheki. Amechoka. Lakini uchovu wake usifanywe kuwa fundisho la Biblia.

Najua hofu iliyo nyuma ya haya yote. Mzazi wa Kisauni akisikia "nidhamu" anaona vijana wa panga. Anafikiri: heri alie kwa kiboko leo kuliko nikamtambue mochari kesho. Samaki mkunje angali mbichi. Hofu hiyo ni ya kweli, na mtu asiyeishi mitaa hii asiikebehi. Swali langu ni moja tu: je, fimbo inakunja nini hasa? Paulo anawaonya watumwa wa Kolosai juu ya utumishi wa macho, yaani kufanya kazi vizuri bwana anapotazama tu (Wakolosai 3:22). Nenda kasimame nje ya darasa lenye mwalimu mkali. Kimya, unasikia feni. Subiri mwalimu aende ofisini, utajua kile kimya kilikuwa cha nani. Mtoto aliyefundishwa kuogopa jicho anajifunza jicho liko wapi, na yule kijana anayebeba panga anajua vizuri sana saa ambayo jicho halipo. Sijawahi kusikia mzazi wa kijana kama huyo akisema, "Taabu yake ni kwamba hakuchapwa."

Rehoboamu alishauriwa na wazee apunguze nira, akawasikiliza vijana wenzake, akaahidi kuongeza (1 Wafalme 12). Watu hawakumpiga. Waliondoka. Nafikiria jambo hilo ninapoona vijana wetu wakimaliza shule na kutupa vitabu vyote, na wengine wakitupa na Biblia, kwa sababu vyote viwili waliletewa na mkono ule ule, kwa sauti ile ile.

Tuje kwenye swali gumu zaidi. Tunasema, "Ateseke sasa, afurahi baadaye." Kwa miaka mingi hiyo "baadaye" ilikuwa na jina, KCPE, kuanzia 1985 hadi mtihani wa mwisho mwaka 2023, na mtoto alikuwa na thamani ya alama zake. Mtaala mpya ulipoingia tuliambiwa mambo ya vipaji na michezo, na mimi nilifurahi. Sasa kuna mtihani wa Gredi ya Sita tangu 2022, na kwenye shule nyingi haraka ni ile ile, imebadilisha sare tu. Lakini tuseme mtihani usingekuwepo kabisa. Bado kuna wazo chini yake, kwamba miaka ya mtoto ni barabara tu ya kwenda mahali pengine. Hatusemi hivyo juu ya mzee wa miaka themanini. Hakuna anayeuliza siku za nyanya zinamsaidia kufika wapi. Mtoto wa miaka tisa anaishi leo. Hii Jumanne yake ni Jumanne nzima mbele za Mungu, na wengine wao, sisi tuliozika tunajua, hawafiki hiyo baadaye.

Angalia amri ya nne. Anapoamuru pumziko, Mungu hawaachi watoto wamo kwa kudhaniwa. Anamtaja mwana na binti, kabla hata ya mtumishi na mnyama (Kutoka 20:10). Hakusema wapumzike wakishapita mtihani. Wafanyakazi wa bandari na reli wa mji huu waligoma Januari 1947 kudai mishahara na maisha bora, na leo mtu wa bandarini akifanyishwa kazi kutoka alfajiri hadi usiku bila mapumziko anajua aende chama gani. Watoto hawana chama. Wana sisi.

Wakati mwingine wanajitetea wenyewe. Januari 19, 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road kule Nairobi walikuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta, umenyakuliwa. Waliuangusha, polisi wakawarushia gesi ya kutoa machozi. Watoto wenye sare, wanalia barabarani kwa sababu ya mahali pa kuchezea. Nchi nzima iliona aibu, na uwanja ukarudishwa. Huku kwetu mara nyingi hakuna hata ukuta wa kuangusha: shule iko ndani ya ploti, ghorofa kushoto, karakana kulia, na mapumziko ni kusimama kivulini kwa zamu.

Sasa Zekaria. Mungu anaeleza Yerusalemu aliyoirudia mwenyewe. Angeweza kutaja dhahabu, au majeshi. Anataja wazee kwa vikongwe wameketi njiani, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Na tazama bakora iko wapi: aya ya nne, mkononi mwa mzee, anaiegemea kwa sababu ya wingi wa siku zake. Haijainuliwa juu ya mtu. Mji ambao Mungu amerudi unajulikana kwa kelele za watoto.

Muhula huu mikutano ya wazazi itaanza karibuni. Mahali pa "mchape tu," mzazi mwenzangu, omba kuona ratiba ya darasa la mwanao, kisha uulize kwa upole kipindi cha michezo kinafundishwa somo gani. Ukiwa mwalimu, na tunao wengi hapa kanisani, tuambie unahitaji nini ili uweze kuiweka chini hiyo fimbo. Pengine ni mtu mmoja wa kukusaidia mara mbili kwa wiki, na hapa wako akina mama na vijana wasio na kazi wanaoweza.

Na kwa wahudumu wetu wa mlangoni, ombi dogo. Kwenye Mathayo 21:15 waliokasirishwa na kelele za watoto hekaluni walikuwa makuhani na waandishi, na Yesu akawatetea watoto. Shule ya Jumapili hutoka nusu saa kabla yetu. Mpira uko chini ya ngazi, karibu na tangi la maji. Wapeni.