Waliokwama Wasioonekana

Neno "kukwama" kwetu huku Bariadi halihitaji kamusi. Udongo wetu wa mbuga, ule mweusi unaopendwa na pamba, ukishanywa maji hushika gurudumu kama ugali ushikavyo mwiko, na kabla barabara ya kwenda Lamadi haijawekwa lami lilikuwa jambo la kawaida abiria kulala njiani na mizigo yao. Basi mchezo wa televisheni juu ya watu waliokwama ukionyeshwa hapa, kila mtazamaji ni hakimu mwenye uzoefu.

Tuko watu sita tunaokutana Jumamosi jioni sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia. Anazo sehemu zote 79 za Star Trek ya zamani, ile iliyotengenezwa Marekani na kuonyeshwa huko tangu mwaka 1966 hadi 1969. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo tunazijadili leo habari ambazo wenzetu walizimaliza zamani, na sioni ubaya wowote. Swali la haki halichachi kama maziwa.

Sehemu iliyotugombanisha inaitwa The Galileo Seven, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1967. Meli kubwa ya anga iko safarini kupeleka dawa za tauni zinazongojwa katika koloni la mbali liitwalo New Paris. Ni mwendo wa siku tatu hadi mahali pa kukabidhi dawa, na makabidhiano ni baada ya siku tano. Zimebaki siku mbili za ziada. Nahodha Kirk anazitumia kwa uchunguzi, anatuma chombo kidogo chenye watu saba, nacho kinaanguka katika sayari ya viumbe wakali. Mkuu wao, Spock, analetewa hesabu: ili chombo kiruke tena lazima kipunguzwe pauni 500, yaani kilo 230 hivi, uzito wa watu wazima watatu. Watatu watabaki, na atakayewachagua ni yeye.

Hapo ndipo watazamaji wengi huanza ugomvi wao, nasi tulianza hapo hapo. Fundi wa redio alikuwa upande wa Spock: mwenye kichwa kilichotulia ndiye achague. Karani wa pamba alitaka kura, kama mmoja wa wale saba alivyopendekeza, kwa sababu kura haijui nani mkubwa wala nani anapendwa. Walipofika kwenye suala la kumzika mwenzao aliyeuawa, huku hatari inawazunguka, sebule nzima ilikuwa upande wa maziko, akiwemo fundi. Huku Usukumani hutampata mtu wa kukuambia kwamba maiti isubiri hesabu. Nami nilikumbusha kwamba Spock naye alipobanwa na jiwe aliwaamuru wenzake waruke wamwache, nao wakakataa, wakarudi kumvuta. Kama ni mizani, alijiweka mwenyewe juu yake. Hilo lilimpunguzia deni mbele yangu, ingawa karani hakuridhika.

Mama mmoja muuguzi mstaafu, ambaye kwa kawaida huleta karanga na kusema machache, alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza, "Na wale wa tauni?"

Kusema kweli tulikuwa tumewasahau. Katika ile meli kubwa yumo kamishna mmoja, Ferris, mtu mkavu asiyependeza, ambaye kazi yake ni kumkumbusha Kirk kila mara kwamba saa zinakwisha. Muda unapokwisha anaamuru meli iondoke, na Kirk anatii, lakini kwa ujanja: anaagiza iende mwendo wa polepole, ili kuwapa wale waliopotea nafasi moja ya mwisho. Nafasi hiyo ndiyo inayowaokoa. Spock anamwaga mafuta yaliyosalia na kuyawasha angani, wale wa meli wanauona moto, wanageuka. Sote tulikuwa tumepiga makofi. Mama akasema, "Mwendo ule wa polepole, nani aliulipia?"

Halafu akatusimulia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipokata barabara nchini, na kipindupindu kikatembea, yeye alikuwa katika zahanati moja ya kijijini. Siku hizo Simiyu haikuwa mkoa, ulianzishwa 2012. Tulikuwa chini ya Shinyanga, na makao makuu ya mkoa yalikuwa mbali kwa kila maana ya neno hilo. Dripu zilikwisha. Walikuwa wakiwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, lakini aliyefikia hatua ya kutapika kila kijiko hakufaidika nayo. Landrova ya dawa ilikuwa imeahidiwa asubuhi. Kijana mmoja alifariki adhuhuri. Gari likaingia saa kumi jioni, limepakwa tope hadi kwenye vioo, na dereva akashuka akamwambia kabla hajasalimia: "Mama, nilisimama kuvuta basi. Lilikuwa linazama mtoni, na mlikuwa na watoto ndani." Yeye hakujibu. Alihesabu maboksi, akaweka sahihi, akaendelea na kazi.

Nimelitafakari jambo hilo kwa majuma kadhaa. Mwanzoni laweza kuonekana ni hesabu tu: watoto wa basini wengi, kijana mmoja. Lakini dereva hakuijua hesabu hiyo alipokuwa akifunga mnyororo. Aliwaona wale aliowaona. Kadhalika Kirk: wale saba aliwajua kwa majina, wa New Paris aliwajua kwa kuambiwa. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuguswa zaidi na uso kuliko habari. Na nahodha asiyetafuta watu wake, kama fundi alivyosema, safari ya pili hatapata wa kupanda. Hata mgonjwa wa New Paris ana faida ya kuishi katika ulimwengu ambamo waliopotea hutafutwa.

Hata hivyo, zile siku mbili za mwanzo zilikuwa mali ya Kirk, za ziada, alikuwa na ruhusa ya kuzitumia. Saa zilizofuata zilikuwa za watu wengine. Alizichukua akatoa sadaka. Ndiyo tofauti ninayoiona kati yake na yule dereva, na wala si tofauti ya aliyesimama na asiyesimama, maana wote wawili walisimama. Dereva alifika kwa wenye saa zao akawaambia mdomoni mwake alizifanyia nini. Mama hakumsamehe siku ile, wala hajui kama amemsamehe mpaka leo, lakini alisema angalau kijana wake hakufa bila kuhesabiwa.

Mwalimu alipinga. Kwake, kumpa mfiwa maelezo ni kujitua mzigo mwenyewe na kumtwika yeye. Hoja hiyo ina uzito, na sina jibu lake kamili. Ila naona aliyenyamaza hautui mzigo. Anauacha njiani, ajikwae mwingine.

Nje ya sinema mambo haya hupangwa mapema zaidi, na pengine kwa uungwana zaidi. Juni 2024 wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa kwa siku nane hivi. Chombo chao kikaonekana hakiaminiki, kikarudishwa kitupu Septemba, nao wakakaa hadi tarehe 18 Machi 2025. Dunia nzima iliwajua. Wachache walitaja kwamba ili wao wapate viti vya kurudia, wanaanga wengine wawili, Zena Cardman na Stephanie Wilson, waliondolewa katika safari waliyokuwa wamejifunzia. Hao hawakufa, wala hawakukwama popote, walibaki nyumbani. Lakini walitajwa kwa majina na shirika lao, tena hadharani, kuwa ndio waliopisha.

The Galileo Seven inakwisha kwa kicheko. Waliookolewa wamesimama na wenzao, nahodha anamtania Spock, wote wanaangua kicheko, majina ya wachezaji yanapanda. Mama muuguzi alikuwa ameshika bakuli lake la karanga, hacheki. Alimwuliza mwalimu kama ipo sehemu nyingine ambamo wanaionyesha New Paris, jinsi dawa zilivyopokelewa na nani alikuwa bado hai.

Mwalimu alitazama rundo lake la diski. Akasema hapana, haipo.