Maisha ya Shahidi

Wanaomtafuta Ernest Hemingway ndani ya riwaya zake huanza na tarehe. Alijeruhiwa Italia Julai 1918, akampenda muuguzi katika hospitali ya Milan. Mhusika mkuu wa A Farewell to Arms (1929) naye anajeruhiwa, naye anampenda muuguzi. Basi, husema, ndiye huyo huyo. Hesabu hiyo inaacha nje jambo kubwa. Maisha ya mtu si yale yaliyompata tu. Ni pamoja na yale aliyoyashuhudia asiweze kuyazuia.

Sehemu nzito kuliko zote katika riwaya hiyo, kwangu mimi, ni jeshi la Italia likirudi nyuma kutoka Caporetto mwaka 1917. Hemingway hakuwapo. Wakati huo alikuwa ripota chipukizi Kansas City. Mvua na misururu ya mikokoteni iliyomo humo aliiona Oktoba 1922, alipotoka Paris kuripoti vita vya Wagiriki na Waturuki kwa gazeti la Toronto Star, akawakuta Wakristo wa Thrace wakihama makwao.

Katika taarifa yake, mwanamke yumo mkokotenini akiwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe amemtandia blanketi asilowe. Binti yao mdogo anamtazama kwa hofu, kisha anaanza kulia. Katika kisa kifupi alichokiingiza baadaye kwenye In Our Time, mume hayumo. Anayeshika blanketi ni msichana, huku akilia.

Hapo ndipo ninapomwona Hemingway. Hakuna tukio lililomlazimisha kumfuta mwanamume yule. Ripota alisimama kando ya barabara. Hadithi ilimruhusu asimame alipo mtoto, mbele ya mateso yaliyomzidi nguvu. Lakini inaniuma kwamba aliyelipia ni yule mume, aliyefanya alichoweza mvuani, na msomaji wa kitabu hajui kwamba aliwahi kuwapo. Ndiyo sababu taarifa ile ya gazeti isiachwe ikasahaulika: haki yake imo humo.

Green Hills of Africa (1935), kitabu cha safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki, kilishika njia nyingine. Alitangaza mwanzoni kwamba hakubuni mhusika wala tukio. Anajisimulia bila kuchoka, hata wivu wake kwa mwenzake aliyepata pembe kubwa zaidi. Wivu huo ni wa kweli, na kuukiri kulihitaji ujasiri. Hata hivyo, ni mambo aliyokubali tuyajue. Hofu ya mtoto wa Thrace hakuitangaza kuwa yake.