Haki ya Aliyefia Mkononi mwa Tabibu

Haya ni maneno machache katika jambo ambalo watu wengi huona uzito hata kulitaja, nalo ni kumdai tabibu baada ya mgonjwa kupasuliwa na asipone.

Ichukuliwe mfano wa nyumba moja ya Likawage, bara ya Kilwa. Mwanamke alishikwa na uchungu, mtoto asitoke. Akachukuliwa safari ndefu mpaka hospitali, akapasuliwa. Mtoto alipona, na mama akafa siku ya tatu kwa kutokwa na damu. Ameacha mume, mama yake mzee, mtoto wa kiume wa miaka 6, na huyo kichanga wa kike. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, kaka yake marehemu alisimama mbele ya watu. Yeye ndiye mjomba wa watoto, na mjomba katika nchi za Kusini ni mtu wa kauli. Akasema: "Sisi tumesamehe. Haya ni majaaliwa ya Mungu, hatuna neno na mtu." Watu wakaitikia amina. Mume alikuwa na neno, akalimeza.

Maneno ya mjomba ni mazuri kuyasikia, walakini mambo mawili yamechanganywa ndani yake: kadari na msamaha.

Ama kadari, hapana Mwislamu anayeikana. Ajali ya kila mtu imeandikwa. Lakini mtu akimpiga mwenziwe rungu la kichwa akafa, huyo naye amekufa kwa ajali yake, wala hapana kadhi aliyemwachilia mpigaji kwa hoja hiyo. Kadari ni habari ya Mungu na kiumbe chake. Dhamana ni habari ya viumbe wao kwa wao. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 92, imehukumiwa juu ya mtu aliyeua kwa kukosea, asiye na nia mbaya hata chembe, kwamba diya ipelekwe kwa watu wa aliyekufa ila wakisamehe wao wenyewe. Hukumu hiyo imo katika Kitabu kile kile kinachofundisha kadari. Basi anayeuliza jinsi ndugu yake alivyokufa hagombani na Mola wake.

Ama tabibu, imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud na wengineo kuwa ajitiaye utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, madhara atakayoyaleta ni juu yake. Wanavyuoni wakafahamu kinyume chake pia: tabibu ajuaye kazi, aliyepewa idhini, akatenda kama watendavyo watu wa kazi yake, hana dhamana juu ya lililotokea hata mgonjwa akifa. Ndiyo kauli ya Imamu Shafii, ambaye Waislamu wa pwani hii hufuata madhehebu yake. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliwapambanua matabibu kwa mafungu, na katika hao yumo fundi hodari ambaye mkono wake umeteleza. Huyo hana dhambi, lakini ana dhamana. Kukosa dhambi na kukosa dhamana si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea, wadai na matabibu pia. Jamaa huona hawezi kudai bila kumtukana daktari kuwa ni muuaji, na daktari huona akikiri kosa amekiri uuaji.

Kipimo, basi, ni ada ya watu wa kazi. Mahakama ya Uingereza iliweka kipimo kinachokaribia hicho mwaka 1957, na mahakama za Tanzania zimerithi mengi katika sheria za huko. Kwa hiyo kifo peke yake si ushahidi. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa za vifo vya wazazi duniani kote, na huwatokea hata walio katika mikono bora. La kuulizwa ni jingine: damu ilipoanza, nani aliiona, saa ngapi, na alifanya nini?

Wengine husema, "Tulitia dole gumba katika karatasi, hatuna haki tena." Hili si kweli. Idhini ni jambo la zamani. Katika dola ya Uthmaniya wagonjwa walikwenda mbele ya kadhi kuandikisha ridhaa yao kabla ya kupasuliwa. Lakini aliyeridhia kupasuliwa ameridhia hatari iliyomo katika kupasuliwa. Hakuridhia kuachwa usiku kucha bila ya kutazamwa, wala kupasuliwa pasipo ugonjwa. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, vijana wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana upasuaji: aliyekuja kwa goti akafunguliwa kichwa, na aliyekuja kwa maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Madaktari wakasimamishwa kazi, na yule wa goti akapelekwa India kutibiwa. Idhini ilikuwa ya goti. Haikuwa ya kichwa.

Sasa msamaha. Kusamehe ni kutoa, na hatoi mtu asichokuwa nacho. Diya ni mali ya warithi, hugawanywa kama mirathi. Warithi wa mwanamke huyu ni mume kwa robo, mama kwa sudusi, na kilichobaki ni cha watoto wawili, wa kiume mara mbili ya wa kike. Kaka amezuiliwa na mtoto wa kiume. Hapati hata chembe. Basi yule aliyesimama kaburini akasamehe kwa sauti hakuwa na la kusamehe. Mume aweza kuacha robo yake na bibi aweza kuacha sudusi yake. Fungu la watoto hana ruhusa mtu kuligawa, hata baba yao, mpaka wabaleghe waseme wenyewe. Kichanga kile hakijasema neno, na tayari kimesemewa.

Na tena, asamehee nini asiyejua? Baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima, na wakauawa watu kwa kosa. Mtume akajitenga na kitendo kile mbele ya Mungu wake, lakini hakuishia hapo. Alimpeleka Ali kwa watu wale na mali. Ali akalipa damu na vitu vilivyopotea hata chombo cha kunywea mbwa. Kisha akauliza kama limebaki deni, wakasema hapana. Naye akawapa mali iliyosalia, iwe kwa yale ambayo wao hawakuyajua wala Mtume hakuyajua. Haikusemwa kwa watu wale kuwa ajali zao zilikuwa zimefika, ingawa zilikuwa zimefika. Wala Khalid hakuachwa alipe peke yake: mwenye kumtuma ndiye aliyelipa.

Hilo la mwisho ni jawabu kwa wasemao kuwa madai yatawafukuza madaktari bara. Hofu yao si ya bure; daktari kijana aliye peke yake usiku, na damu ya akiba hakuna, hastahili kuvunjwa. Lakini sharia iliweka diya ya kosa juu ya jamaa wa mkosaji, waitwao aakila, ili mtu mmoja asiangamizwe na mkono ulioteleza. Sheria ya nchi nayo humtazama mwajiri. Mahakama za serikali hazihukumu kwa diya. Huhukumu kwa fidia, na mdai ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa. Madai ya namna hii yamewekewa muda wa miaka 3, na hospitali ikiwa ya serikali hutangulizwa ilani ya siku 90. Asiyetaka fedha aweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ili ijulikane tu kilichotendeka.

Lakini anayeuliza na awe tayari kwa jawabu lolote. Sura ile ile ya Nisaa, aya ya 135, imeamrisha kushuhudia haki hata juu ya nafsi na jamaa. Katika nyumba ile ya Likawage, mwanamke alianza uchungu Jumatatu, na gari halikuondoka ila Jumatano, kwa kuwa mjomba alikuwa shambani na hapana aliyethubutu kumpeleka bila ya kauli yake. Karatasi za hospitali zitakuwa zimeandikwa siku na saa aliyofika. Mume analijua hilo, na mjomba analijua.