Umbo la Kwanza ni la Nani?

Niliacha uhandisi mwaka wa tatu, na tangu hapo mamangu ana sentensi moja kila nikienda nyumbani: "Si urudi tu vile ulikuwa." Hiyo "vile ulikuwa" ndiyo hunisumbua, maana kitu pekee cha darasani ambacho sijasahau kinahusu jambo hilo hilo.

Kuna plastiki zenye kumbukumbu. Ushaona kale kamrija keusi ambako mafundi wa Luthuli huvalisha waya walizounga? Kanapitishiwa moto wa kiberiti, kananywea, kanabana. Unaweza kudhani moto umekaharibu. Wapi, kamerudi tu. Kiwandani kalikuwa kembamba, kakapashwa moto, kakapanuliwa, kakapozwa kakiwa hivyo hivyo. Fundi anakakumbusha.

Shida ni kwamba plastiki haipitishi joto vizuri. Nje imelainika, ndani bado imelala. Ndipo grafini inaingia: tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, lile Geim na Novoselov walibandua kutoka kwa grafiti kwa selotepu huko Manchester, 2004. Walipewa Nobel 2010. Ukichanganya kidogo tu, mara nyingi chini ya asilimia 5 ya uzito, joto linapenya hadi ndani. Vipande vikitosha kugusana, hata umeme unapita na plastiki inajipasha yenyewe. Ukizidisha, vinashikana mabonge, vinabana minyororo ya polima isisogee, na umbo halirudi vizuri.

Mamangu alinipasha moto miaka miwili. Makelele, simu za wajomba, mkutano wa familia na chai. Nje nililainika, nikasema sawa. Ndani, zii. Kilichopenya kilikuwa kidogo: Desemba nilifungua kabati nikapata koti langu la maabara limepigwa pasi. Hakusema kitu. Usiku huo karibu nijaze fomu za kurudi.

Lakini lile wanaloita umbo la kudumu, plastiki haikuzaliwa nalo. Ni umbo tu iliyokuwa nalo wakati minyororo yake ilipofungwa pamoja, ndani ya kalibu iliyochaguliwa na mtu mwingine. Kozi yangu ilichaguliwa na mjomba, kwa simu yake, mimi nikiwa nimekaa kando nikinywa soda. Sasa nikirudi, nitakuwa nimerudi kwangu ama kwake?

Koti nililiacha kabatini. Sikulijaribu. Niliogopa lisije likanitosha.