Jina Lililo Nyuma ya Saa



Jumapili iliyopita, wakati wa chai baada ya ibada, kijana wetu mmoja wa hapa Stanmore alituonyesha saa ya mkono ya dhahabu. Yeye hukusanya saa za zamani: hununua iliyosimama, huipeleka kwa fundi, kisha huivaa au huiuza. Sasa anauza, maana anatafuta mahari. Saa hii ni ya karati 9, na kwenye mfuniko wa nyuma pamechongwa jina la mtu na shukrani kwa miaka 25 ya kazi. Kijana alisema atampa sonara aufute mchongo huo, kwa sababu jina la mtu asiyejulikana hushusha bei. Mama mmoja akamwuliza, "Mwanangu, na mwenye jina umemwuliza?" Tulicheka, lakini swali hilo tulikwenda nalo nyumbani.

Tusimhukumu haraka. Saa ni yake, na ameinunua kwa fedha halali. Lakini tuangalie kinachofanyika. Dhahabu ya karati 9 ina sehemu 375 za dhahabu halisi katika kila 1000. Ili kufuta jina, sonara husugua mfuniko mpaka afike chini ya herufi. Mfuniko hubaki mwembamba. Yaani tunapoteza dhahabu ili saa ipande bei!

Sasa linganisheni na saa za Omani, nchi ambayo wengi wetu tuna ndugu huko. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliwatuza watu waliomtumikia kwa saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, nyingine za dhahabu. Baadhi ziliagizwa kupitia duka la Asprey, hapa hapa London. Leo wakusanyaji huilipia saa yenye jambia zaidi sana kuliko saa ya aina ile ile isiyo na jambia. Hakuna anayefikiria kulifuta.

Saa zote mbili zilikuwa za kusema asante. Alama ya mtoaji mkubwa hupandisha bei, jina la mtumishi huishusha. Soko halijakosea hesabu yake: bei hutuambia ni wangapi wanaokitaka kitu. Haituambii kitu hicho kilimgharimu mtu nini. Mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hazina alihesabiwa na Yesu kwa hesabu hii ya pili.

Wengi wetu tunaishi katika hesabu hiyo. Wapo kati yetu wanaokesha wodini, na wanaopanda treni ya kwanza ya Jubilee kabla hakujapambazuka. Tukikubali kwamba jina la mfanyakazi ni doa la kusuguliwa, watoto wetu watajifunza nini juu ya majina yetu?

Kijana anaweza kujibu kwamba familia ya yule mzee ndiyo iliyoiuza saa. Huenda ni kweli, na huenda walikuwa na shida. Mama zetu nao waliuza bangili za dhahabu ili tulipiwe karo, wala hatusemi walikosea. Ila aliyeuza dhahabu hakuuza miaka 25 ya mtu. Kwa hiyo tunaona kwamba anayenunua saa kama hii huimiliki dhahabu, lakini jina amewekewa amana.

Ushauri wetu ni aliache jina. Atapoteza pauni kadhaa, na kwa mtu anayetafuta mahari hilo si dogo. Basi na sisi wazee, tutakapoketi kupanga mahari hiyo, tukumbuke kumhesabia na jambo hili.

Jumapili njema.