Je, Ukaribu ni Ushahidi?

Usiku wa giza huku Kimwani twaona ziwani taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kama kijiji. Mtu akisikia wimbo kutoka huko aweza kuonyesha upande, walakini mtumbwi hataujua, ila akiiona taa inayotikisika sawasawa na mapigo ya kasia yaendayo na wimbo ule.

Neno hili liliwasumbua wataalamu wa nyota. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakakiita Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo mbinguni, kwa kuwa hewa yetu yaizuia isifike chini. Katika kundi la nyota liitwalo Centaurus kilipata kitu kinachopiga kama mshipa wa damu, pigo moja kwa sekunde 4.8 hivi. Tena kila siku 2.1 mionzi yake hutoweka kwa saa kadhaa, kisha hurudi. Maana yake kitu kile, kidogo na kizito mno, chazunguka nyota kubwa na kujificha nyuma yake. Nacho hunyonya hewa ya mwenzake, na hewa hiyo ikianguka huwaka eksirei.

Basi mwenzake ni yupi? Uhuru kilionyesha upande tu, na upande ule umejaa nyota. Mwaka 1974 Wojciech Krzemiński, mtu wa Poland, alieleza nyota moja hafifu ambayo mwanga wake huzidi na kupungua kwa kufuata siku zile zile 2.1. Hapo mashahidi wawili, wa eksirei na wa darubini, walipatana.

Je, sisi twahukumu hivyo? Zamani nyavu za mzee mmoja wa kwetu zilikatwa usiku. Mtumbwi wa kijana fulani ulikuwa umeonekana karibu. Tukaketi barazani, nami nilikuwamo, tukamwamuru alipe. Hakuna aliyeuliza alitoka saa ngapi, wala alirudi saa ngapi. Akauza mtumbwi, akalipa, akahamia ng'ambo ya ziwa. Baadaye mtu mwingine alikiri.

Hatukusema uongo, maana mtumbwi ulikuwa karibu kweli. Barua ya kumwomba radhi nimeianza mara tatu, na bado sijapita salamu.