Je, Anayemtuma Dereva Hana Hatia?



Gari la kazi linapopinduka, neno la kwanza tunalosikia ni "mwendo kasi", na la pili ni "ajali haina kinga". Kwa neno la kwanza tunamlaumu dereva. Kwa la pili hatumlaumu mtu yeyote. Lakini yuko mtu asiyetajwa, naye ni yule aliyepanga safari. Ndiye aliyeagiza mzigo ufike kabla ya alfajiri. Ndiye aliyeambiwa juzi kwamba breki hazishiki vizuri, akajibu, "Ukirudi tutaangalia." Yafaa tujiulize kama huyu naye ana hatia, ingawa saa ya ajali alikuwa kwake amelala.

Wako watakaosema hana. Dereva ni mtu mzima, ana leseni, na usukani umo mikononi mwake, angeweza kukataa. Hoja hii ina ukweli. Dereva aliyelewa hawezi kumtwika tajiri wake dhambi hiyo. Lakini hebu tutazame huko kukataa. Mtu anayelipwa kwa safari, asiye na mkataba wa maandishi, anayejua kwamba wako vijana wenye leseni wanaoingojea nafasi yake, atakataa mara ngapi kabla ya kufukuzwa? Madereva wa mabasi na malori walipogoma nchini mwezi Aprili na Mei 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Asiye na mkataba hana pa kusimama anaposema, "Leo nimechoka, siwezi."

Torati ya Musa inatusaidia kupima jambo hili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga, wala asimzuie, hatia inamfikia yeye. Hakuna anayedai kwamba alitaka mtu afe. Kosa lake ni kwamba alijua akaacha. Basi tajiri aliyeziona tairi zimekwisha, au aliyemwona dereva wake akirudi usiku wa manane kisha akamtuma tena kulipokucha, hawezi kusema hakujua.

Hapa kwetu Mpanda swali hili limezidi kuwa zito. Zamani ubovu wa barabara ndio uliotupunguzia mwendo. Tope na mashimo vilimlazimisha hata mwenye haraka kutulia. Siku hizi lami inatoka Tabora kupita Sikonge na Koga hadi mjini kwetu, nasi tunashukuru. Lakini lami haimwamshi aliyesinzia. Na safari ya Sumbawanga hupita Sitalike na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako nyati au twiga hukatiza njia bila kupiga honi. Ule mwendo uliozuiwa na mashimo sasa wapaswa kuzuiwa na dhamira ya watu, kuanzia yule anayeandika ratiba.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kazi kwa siku, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12; aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe dakika 60 za kupumzika; na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena zipite saa 12. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Ni jambo jema. Ila fidia humfikia mjane baada ya msiba, na sisi tunauliza habari za kabla yake.

Tuna mfano mzuri hapa hapa, nao ni reli yetu inayotoka Kaliua. Dereva wa treni haondoki stesheni mpaka apewe ruhusa kwamba njia iliyo mbele yake ni wazi, hata kama abiria wananung'unika. Uamuzi wa kuondoka haukuachiwa mtu mmoja aliyechoka. Kwa nini lori la mpunga liondoke bila mtu kuuliza lolote?

Wala tusidhani kwamba matajiri ni wale wenye malori tu. Wengi wetu tumenunua pikipiki moja tukampa kijana wa jirani, alete hesabu kila jioni. Tutasema hatukumwajiri, ni makubaliano tu. Lakini hesabu ikiwa kubwa mno, ndiyo inayomwendesha mpaka usiku na kumpakiza abiria watatu. Je, tulimpa kofia ngumu mbili, yake na ya abiria? Na siku mvua iliponyesha kutwa, tulimpunguzia?

Basi, kabla ya kumtuma mtu, tumwulize: Umelala? Breki na taa ni nzima? Safari hii yaweza kungoja kesho? Kisha, akijibu kwamba hawezi, tulipokee jibu lake bila kumpunguzia mshahara wala kumnunia. Swali linaloulizwa na mtu asiyekubali jibu la hapana si swali, ni amri. Mpunga ukifika saa sita mchana badala ya alfajiri, hasara yake huhesabika kwa shilingi. Dereva asipofika, watoto wake ndio watakaohesabu hasara hiyo, mwaka hata mwaka.